Kamba ya Mayunga: Sindano Iliyobaki

"Shikeni kambaaa!"

Ndivyo alivyopiga kelele Mwikwabe kutoka shimoni, na hapo ndipo tulipomwacha. Ananing'inia katikati ya duara, lile shimo la dhahabu, kiroba cha mawe kimemning'inia kiunoni, na huko juu shemeji yake Mayunga, mshika kamba, ameanguka chali.

Wapo wasomaji walionitumia ujumbe wiki nzima wakitaka nimuue Mwikwabe. Tulieni jamani. Mwikwabe ana dhambi moja ambayo bado hamjaijua, na leo ataitapika.

Kamba ilikuwa inakimbia. Gogo la winchi lililokunjiwa kamba lilizunguka lenyewe, mkono wake wa chuma ukikata hewa. Mayunga alikuwa chini, macho yamegeuka meupe, povu linamtoka, visigino vinachimba vumbi.

Wachimbaji walikuwa wengi pale mlimani, nyuma ya Nyamongo. Wanaume wenye vifua. Hakuna aliyesogea hata hatua.

"Msimguse! Kifafa hicho! Kinaambukiza!"

"Mnusisheni kiberiti!"

"Mnusishe wewe!"

Aliyesogea alikuwa mwanamke. Rahabu, mke wa Mayunga na dada wa Mwikwabe wa tumbo moja, mzaliwa wa Itiryo, alikuwa amesimama mbali na sufuria lake la makande, pale wanapoishia wanawake wote. Kwa wachimbaji wa mlima ule mwanamke hakanyagi mdomo wa duara. Akikanyaga, dhahabu inakimbia. Rahabu alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alitupa sufuria, akaruka, akajitupa kwa tumbo juu ya gogo.

Chuma kilimpiga ubavuni. Alilia, lakini hakuachia, na gogo likasimama.

Kamba ikatikisika chini ya kifua chake. Mara mbili.

Kwa aliyeanza kusoma leo, kamba ya duara ina lugha yake. Ikitikiswa mara moja, simama. Mara mbili, nivute. Mara tatu, hatari. Mwikwabe alikuwa mzima na anataka kutoka.

"Mnaangalia nini? Nivutieni mdogo wangu!"

Hapo aibu ikawashika. Wakaja, wakavuta, Mwikwabe akatokeza amechubuka viganja, mweupe kwa vumbi. Mayunga alikuwa ameacha kurusha miguu. Alikoroma, hajitambui.

Badala ya kushukuru, Luhaga mwenye duara akamgeukia Rahabu kwa ukali.

"Umekanyaga mdomo wa duara, mama! Umetumaliza! Ona, mizimu ya mlima imempanda mumeo. Huyu ni wa mganga."

"Mizimu gani?" Rahabu alipayuka, mkono ubavuni. "Ni vidonge! Vidonge vya Abubakari! Amemlisha mume wangu Valium mwaka mzima mpaka kichwa kimeharibika!"

Lilikuwa neno la mtu aliyebanwa, anayetafuta pa kuitupa lawama. Angejua lingemgharimu nini, angeuma ulimi. Wachimbaji walitazamana. Kila mmoja alilijua duka la dawa la Abubakari, pale chini karibu na stendi ya bodaboda.

"Kumbe ni yeye!"

"Twende tukamchome!"

Wakateremka mlima kwa kelele, Luhaga mbele. Rahabu hakuwajali, alikuwa na mgonjwa wa kubeba.

Bodaboda wa kwanza alikataa. Wa pili alikataa. Wa tatu alikubali baada ya Mwikwabe kumshika ukosi wa shati. Wakapanda mshikaki: dereva, Mayunga katikati amelegea shingo, Mwikwabe nyuma amemkumbatia. Rahabu alikimbia kwa miguu nyuma ya vumbi lao, akiomba kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Naomba nikukumbushe huyu Mayunga ni nani, usije ukamhukumu. Ni Msukuma aliyefuata rashi ya dhahabu, watu walipokimbilia machimbo mapya, na mke alimpatia huku huku. Mwaka jana kifusi kilimfukia. Walimtoa yuko hai, lakini usingizi ulibaki kule chini. Akifumba macho anaona udongo. Hospitali wakampa vidonge vichache vya Valium, vya siku chache tu, wakamwambia vikiisha arudi. Vilimsaidia kweli, alilala usingizi wa mtoto. Vilipoisha hakurudi hospitali. Alikwenda kwa Abubakari.

Kimoja kikawa viwili. Viwili vikawa konzi.

Rahabu alipogundua, aliwaita wazee wa kanisa. Sabato iliyopita, mbele ya waumini, alilichukua lile kopo lote la vidonge akalimwaga kwenye choo cha shimo. Watu wakaimba. Mayunga mwenyewe aliimba, jasho likimtoka. Rahabu alijiona mke shujaa kuliko wote Tarime nzima.

Tangu siku ile Mayunga hakulala. Alitetemeka mpaka kijiko kikamponyoka. Alisikia mawe yakibomoka darini wakati nyumba yao haina dari.

* * *

Zahanati ilikuwa na mtu mmoja wa zamu, tabibu Petronila, mwanamke wa Bukoba asiyekuwa na maneno mengi. Rahabu alipofika anahema, Mayunga alikuwa kitandani amelazwa kwa ubavu, na mwili ulikuwa umeanza kurukaruka tena.

"Usimshike mikono! Muache!" Petronila alimfokea. "Na wewe kaka, toa hicho kijiko mdomoni mwake, utamvunja meno!"

Mwikwabe akatoa kijiko.

"Ana kifafa?"

"Hana, daktari."

"Ameumia kichwa? Malaria?"

"Hapana. Alikuwa anameza Valium," Rahabu alisema, na hata katika hofu ile aliinua kidevu. "Lakini ameacha. Nilizimwaga zote Sabato iliyopita."

Petronila aliganda.

"Zote? Kwa mara moja?"

"Zote. Chooni."

"Alikuwa amezitumia muda gani?"

"Mwaka. Labda na zaidi."

"Mungu wangu." Petronila akafumba macho kidogo. "Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Ile ni sumu, daktari! Ningemwacha aendelee?"

"Sikiliza, mama. Ile dawa ni breki. Mtu akiikanyaga mwaka mzima, mwili unasahau breki zake wenyewe. Ilitakiwa apunguziwe kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, tukimtazama. Wewe umeing'oa siku moja. Sasa gari liko mteremkoni."

Rahabu alishika ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo ni mimi?"

Petronila alikuwa anatazama saa na kifua cha mgonjwa.

"Degedege hili lisipokatika litamwua. Inatakiwa achomwe sindano sasa hivi."

"Mchome! Unasubiri nini? Sindano gani?"

"Diazepamu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo Valium, mama. Ile ile."

Rahabu akajikuta amesimama kati ya tabibu na kitanda, mikono ameitandaza.

"Huwezi. Niliapa mbele ya kanisa. Haitaingia tena kwenye mwili huu!"

"Basi nenda kaandae msiba."

Maneno yale yalimpiga Rahabu kuliko chuma cha winchi. Alimtazama mumewe. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Mikono yake ikashuka yenyewe.

"Mchome," alinong'ona. "Mungu atanisamehe. Mchome."

"Ningekuwa nayo ningeshamchoma." Petronila aligonga kabati tupu kwa kiganja. "Zimeisha. Tumeagiza, hazijaja. Gari la wagonjwa nitalipigia Tarime, lakini hawezi kulisubiri akiwa hivi. Hapa Nyamongo sindano hizo anazo mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Abubakari."

Mwikwabe aliinamisha kichwa. Halafu Rahabu akachomoka mlangoni, ubavu umevimba, miguu peku, anakimbia kuelekea stendi.

* * *

Alisikia kelele kabla hajaona. Duka lilikuwa limefungwa kwa ndani, na kioo cha dirisha kilikuwa tayari kimevunjwa kwa jiwe. Luhaga alikuwa na dumu la petroli. Harufu yake ilifika barabarani.

"Toka, wewe mzee! Toka tukuone!"

Rahabu alipenya katikati yao kwa viwiko, akaweka mgongo wake kwenye mlango.

"Acheni! Mume wangu anahitaji dawa iliyomo humu!"

Wakacheka. Nani asingecheka?

"Dada, si wewe uliyesema anaua watu?"

"Nilisema. Na sasa nasema tabibu ameniagiza sindano, na iko humu ndani. Mkichoma, mnamchoma Mayunga."

"Huyu mama naye amepandwa," Luhaga alisema. "Mtoeni."

Mikono miwili ilimshika mabega. Rahabu aliona mfuniko wa dumu unafunguliwa. Alikuwa amekata tamaa kabisa, na mtu aliyekata tamaa huona vitu ambavyo wengine hawavioni. Aliona mfuko wa shati la Luhaga, na ukingo wa karatasi ya rangi ya fedha unaochungulia.

Akaupiga mkono mfuko ule. Pakiti ya vidonge ikaanguka vumbini, nusu imeshamezwa.

Watu wakainama kuitazama.

"Hizo ni za nini, Luhaga?" Rahabu aliuliza. "Za kichwa?"

Luhaga aliifunika pakiti kwa kiatu.

"Mume wangu alikuwa anameza hizo hizo. Nikamnyang'anya siku moja, kama mnavyotaka kunyang'anyana leo. Mmeona alivyoanguka. Mmeona povu, mkaogopa kumshika. Haya, chomeni duka! Keshokutwa mkianza kutetemeka mnayo ya kumeza? Ni nani atakayewashikia kamba?"

Nyuma kabisa kijana mmoja aligusa mfuko wake. Halafu mwingine. Halafu niwaambie ukweli, hata mimi ninayesimulia nilishindwa kuhesabu mikono iliyogusa mifuko pale stendi. Wote walikuwa wanachimba kwa zamu, mchana au usiku, na wote walikuwa wanaulalia usingizi wa Abubakari, na kila mmoja alidhani ni siri yake peke yake.

Luhaga aliweka dumu chini taratibu.

"Mura," alimwambia kwa Kikurya kijana aliyemshika Rahabu, "mwachie."

Mlango ulifunguliwa upana wa kiganja. Mzee Abubakari alikuwa na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na damu kidogo kwenye paji la uso. Baba yake alihamia Tarime kutoka Tanga kuuza vitambaa. Yeye ndiye aliyehamia kwenye dawa.

"Shikamoo mzee," Rahabu alisema. Hata yeye alishangaa kusikia salamu ikimtoka.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Mumeo alikuwa anakuja hapa analia. Mwanaume mzima analia kwamba anafukiwa. Nilipaswa kumrudisha hospitali. Nilimuuzia, maana ilikuwa rahisi."

"Sindano, mzee. Haraka."

Abubakari alifungua kiganja. Kichupa kimoja cha kioo, kidogo kuliko kidole.

"Kimoja tu? Nipe vingine!"

"Vilikuwa boksi zima." Aligeuka kutazama sakafu nyuma yake, iliyokuwa inang'aa kwa vioo na maji. "Lile jiwe la kwanza lilipita dirishani likaangukia rafu ya sindano."

Rahabu alikumbuka nani aliyewatuma warusha mawe. Akakifumba kichupa mkononi na kukimbia.

* * *

Alipoingia zahanati, Petronila ndiyo kwanza anarudi kutoka nje, simu mkononi. Mtandao ulikuwa umemsumbua mpaka akapanda juu ya tuta kulitafuta gari la Tarime. Mwikwabe alikuwa amebaki na mgonjwa.

"Alizinduka kidogo," Mwikwabe alisema haraka, bila kuulizwa. "Alinijua. Halafu akaanza tena."

Mayunga alikuwa anarusha mwili, meno yanasagana. Petronila alivunja shingo ya kichupa, akavuta dawa kwenye sindano. Kisha akasimama, akanusa.

"Nani amekunywa gongo humu?"

Mwikwabe alirudi nyuma hatua moja.

"Nauliza. Dawa hii na pombe havikai pamoja. Vikikutana vinazima pumzi. Mgonjwa amekunywa?"

"Sisi ni Wasabato, daktari," Rahabu alisema.

"Sikukuuliza dini."

"Ni mimi," Mwikwabe alisema.

Rahabu aligeuka. Huyu ndiye mdogo wake aliyekuwa abatizwe Sabato ijayo, aliyemwapia kwamba gongo ameliacha.

"Mwikwabe, wewe!"

"Ni mimi, dada. Nilikunywa mimi."

"Na mgonjwa?" Petronila alimkazia macho. "Hajaonja?"

Mwikwabe alitazama sindano. Alimtazama dada yake.

"Hajaonja."

Petronila aliupata mshipa, akasukuma dawa polepole, macho kwenye kifua cha Mayunga. Rahabu aliangalia dawa aliyoilaani ikiingia, akaiombea.

Miguu ilipunguza kurukaruka. Taya zikaachia. Mabega yakalala kitandani, na uso wa Mayunga ukawa uso aliouzoea Rahabu, uso wa yule Msukuma mcheshi aliyemchumbia kwa kumletea nanasi.

"Asante Mungu," Rahabu alilia. "Asante, daktari! Asante, Mzee Abubakari!"

Petronila aliweka kiganja karibu na pua ya Mayunga. Akasubiri. Akainama, akanusa mdomo wake.

Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "nakuuliza kwa mara ya mwisho."

Mwikwabe alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Akachomoa kwenye koti chupa ya maji ya plastiki, tupu.

"Alipozinduka alikuwa anatetemeka, dada! Akaniambia, shemeji nisaidie. Nimekuwa nikimpa kidogo kila asubuhi tangu umwage vidonge, ili mikono itulie ashike kamba. Bila hivyo angeniangusha shimoni. Leo nikampa yote. Nilidhani namponya!"

"Na nilipokuuliza?"

"Niliogopa. Nilidhani usingemchoma, akafa kwa sababu yangu."

Rahabu hakuwa na nguvu ya kumpiga. Yeye alimwaga vidonge kwa upendo, na mdogo wake alimimina gongo kwa upendo, na katikati yao mtu aliyewaamini wote wawili alikuwa anazimika.

"Njoo hapa, mama!" Petronila alikuwa ameshafunika pua na mdomo wa Mayunga kwa kifuniko cha mpira chenye mfuko. "Shika. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Kifua kikipanda, ndiyo pumzi yake. Ukisimama, basi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apumue mwenyewe, au gari lifike. Mimi nashika mapigo ya moyo. Na omba degedege lisirudi, maana sindano haipo. Na hata ingekuwepo, sasa nisingethubutu."

Rahabu alibonyeza. Ubavu uliopigwa na chuma ulimchoma kila alipokaza mkono. Alibonyeza. Nje watu wa stendi walikuwa wamefika, wamesimama kimya uani, Luhaga kofia mkononi, Mzee Abubakari kati yao na hakuna aliyemgusa. Mwikwabe alikuwa bado amepiga magoti. Alibonyeza.

Alizungumza na mumewe, kwa sababu kunyamaza kulimtisha.

"Baba Limi, Limi wetu yuko kwa mama mkubwa, amekula. Baba Limi, duara tutaliacha. Tutahamia Ringwani, tulime mihogo. Utalala bila kitu, pole pole, kama daktari alivyosema. Nitakaa macho na wewe kila usiku."

Mkono wa Mayunga ulikuwa umelala kando ya kitanda, vidole vimegusa pindo la kanga yake.

Kanga ikavutwa.

Rahabu alishtuka, karibu aachie mfuko. Mara moja. Simama.

Ikavutwa tena.

Mara mbili. Nivute.

"Daktari!" Machozi yalimwagika mpaka kwenye mfuko. "Ananiita! Ananiita kwa kamba! Nakuvuta, mume wangu. Nakuvuta, usiachie!"

Alimgeukia Petronila aone furaha. Petronila hakuwa anatazama uso wa mgonjwa. Alikuwa anatazama ule mkono, uliokuwa umeanza kukakamaa tena.

Kanga ikavutwa mara ya tatu, kwa nguvu, na safari hii vidole havikuachia.